Bega Linalotoka Mara kwa Mara: Nanga, Skurubu au Subira?



Kila siku, mara tano kwa uchache, Muislamu huinua mikono yake miwili na kumkabiri Mola wake. Kwa aliye mzima ni tendo jepesi mno, hata halifikirii. Lakini kwa kijana ambaye bega lake limekwisha kutoka mara tatu au nne, kuuinua mkono na kukielekeza kiganja kibla ni jambo la kutia hofu. Mkono unapopanda na kugeukia nje, ndipo bega lililolegea linapokaribia kuponyoka. Kijana kama huyo huenda akazoea kuinua mkono mmoja tu, mwingine akaubana ubavuni, na nyumbani pasiwe na aliyetambua.

Katika hadithi iliyopokewa kwa Bi Aisha (R.A.) na kutajwa katika Sahihi Muslim, tumefunzwa kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360. Bega ni miongoni mwa viungo hivyo, na katika viungo vikubwa vya mwili hakuna kinachoteguka mara nyingi kulilo.

Makala haya yanahusu uamuzi unaozifikia familia nyingi ghafla. Kijana amepelekwa hospitali, na daktari amesema kwamba upasuaji unahitajika. Mmoja anashauri kushona kwa matundu madogo, mwingine anashauri kuhamisha kipande cha mfupa na kukikaza kwa skurubu. Mama ameletewa karatasi atie saini, na hajui kwa nini wataalamu wawili wamesema mambo mawili. Yumkini wote wawili ni wakweli. Kinachoamua si upya wa njia wala udogo wa kovu. Kinachoamua zaidi ni jambo ambalo familia aghalabu haiulizi: je, mfupa uliopotea ni kiasi gani?

Bega lilivyoumbwa

Chukua chungwa uliweke juu ya kisahani cha finjani ya kahawa, kisha ukisimamishe kisahani hicho wima. Chungwa litaanguka lisiposhikwa. Hivyo ndivyo bega lilivyo. Kichwa cha mfupa wa juu wa mkono ni mviringo kama chungwa, na kisahani chake ni sehemu ndogo isiyo na kina katika mfupa wa kombe. Wakati wowote ule, ni kama robo hadi thuluthi tu ya mviringo huo inayogusana na kisahani. Nyonga haiko hivyo: mfupa wake wa paja umezama katika shimo lake kama mchi ndani ya kinu. Nyonga imepewa uthabiti, bega limepewa uhuru. Kwa uhuru huo tunasuka nywele, tunaanika nguo, tunarusha nyavu na tunainua watoto, na gharama yake ni wepesi wa kuteguka.

Kinacholizuia chungwa lisianguke ni mambo matatu. La kwanza ni ukingo wa gegedu uliokizunguka kisahani, mfano wa utepe unaoshonewa pembezoni mwa mkeka. La pili ni mfuko wa kiungo pamoja na kano zake. La tatu ni misuli minne inayokikumbatia kichwa cha mfupa, kama kiganja kinavyoshika yai.

Katika kila mabega kumi yanayotoka, zaidi ya tisa hutoka kwa mbele. Kutoka kwa nyuma ni nadra, na mara nyingi hufuata kifafa au kupigwa na umeme. Bega linapotoka kwa mbele, utepe ule hung'oka kwenye mfupa. Kisha kichwa cha mfupa hujigonga kwenye ncha ya kisahani. Ni kama embe lililoangukia pembe ya meza: embe hubonyea, na pembe nayo yaweza kubanduka. Kwa hiyo bega laweza kuwa na majeraha matatu kwa pamoja: utepe uliong'oka, kichwa kilichobonyea na kisahani kilicholika. Hayo matatu ndiyo yanayopimwa kabla ya upasuaji kuchaguliwa.

Siku ya kwanza

Mtu akianguka na bega likatoka, mkono uachwe katika hali usiyoumiza sana, ufungwe kwa leso dhidi ya kifua, naye apelekwe hospitali bila kupewa chakula, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi. Asivutwe, asikandwe, asipakwe mafuta ya nazi na kunyooshwa.

Wazee wetu wanaounga mifupa wana heshima yao, na wengi wana mikono ya huruma. Lakini mikono haioni ndani. Pamoja na bega kutoka, huenda mfupa umevunjika, na kuuvuta ni kuutenganisha zaidi. Chini ya kiungo hicho hupita neva inayoamrisha msuli wa bega. Neva hiyo ikiumia, ngozi ya upande wa nje wa bega hufa ganzi. Daktari huigusa sehemu hiyo, hupima mapigo ya mkono, hupiga eksirei, hulirudisha bega kwa upole, kisha hupiga eksirei ya pili. Familia iiweke picha hiyo nyumbani mahali salama. Bega likitoka tena mwaka ujao, itakuwa ushahidi wa lilivyokuwa mwanzo.

Umri una usemi wake

Baada ya bega kurudi, je, litatoka tena? Jawabu hutegemea sana umri. Mwaka 2006 madaktari wa Edinburgh, Uskoti, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 252 wa umri wa miaka 15 hadi 35 walioteguka bega kwa mara ya kwanza na kutibiwa bila upasuaji. Katika miaka miwili ya mwanzo, zaidi ya nusu yao walipata tena tatizo la bega kutokuwa thabiti. Kufikia mwaka wa tano, walikuwa wamefika thuluthi mbili. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi walikuwa wavulana wadogo.

Kwa aliyepita miaka 40 hali hugeuka. Bega lake halina mazoea ya kutoka tena, lakini misuli ile minne yaweza kuwa imechanika wakati wa kuanguka. Bibi aliyeteleza msalani, bega likarudishwa, kisha wiki tatu baadaye hawezi kuuinua mkono kuifikia shela yake, asiambiwe kwamba huo ni uzee. Afanyiwe uchunguzi wa misuli hiyo mapema, kwa kuwa msuli uliochanika ukiachwa muda mrefu husinyaa na kuwa mgumu kushoneka.

Wako pia wasichana ambao viungo vyao vyote ni laini tangu kuzaliwa, na mabega yao huteleza huku na huku bila ajali yoyote. Hao kwa kawaida huanza na mazoezi ya kuimarisha misuli kwa miezi kadhaa. Upasuaji kwao ni hatua ya mwisho.

Kutoka moto hadi uzi

Tatizo hili ni la kale. Hippocrates wa Uyunani alieleza namna ya kulichoma kwapa kwa chuma cha moto ili kovu likaze na kulizuia bega lisitoke. Zaidi ya miaka 1,300 baada yake, tabibu wetu mkubwa Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika Kitab al-Tasrif chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake ameeleza uchomaji wa bega linaloteguka mara kwa mara, pamoja na namna ya kurudisha viungo vilivyotoka. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Moto ulikaza ngozi na nyama, lakini haukuurudisha utepe mahali pake. Mwaka 1923, Mwingereza Arthur Sydney Blundell Bankart alieleza kwamba kiini cha tatizo ni ukingo ulioachana na mfupa wa mbele wa kisahani, na kwamba tiba ni kuushona pale pale ulipong'oka. Mwaka 1954, Michel Latarjet wa Lyon, Ufaransa, alifuata njia nyingine: badala ya kushona utepe peke yake, alihamisha kipande cha mfupa na kukiweka mbele ya kisahani kiwe kizuizi. Hadi leo, wapasuaji wa bega duniani wanachagua zaidi baina ya mawazo hayo mawili, la Bankart na la Latarjet, ingawa vifaa vimebadilika.

Njia ya kwanza: nanga na uzi

Siku hizi njia ya Bankart hufanywa mara nyingi kwa kamera. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, yakatobolewa matundu mawili au matatu yasiyofika sentimita moja, na daktari akatazama ndani ya kiungo kwenye kioo. Kwenye ncha ya kisahani hutobolewa vishimo, na ndani ya kila kishimo huzamishwa nanga ya milimita chache yenye uzi imara. Kazi yake ni ile ile ya nanga ya dau: imekamata chini ili kamba ishike juu. Uzi hupitishwa katika utepe na mfuko wa kiungo, ukakazwa. Kwa kawaida huwekwa nanga tatu au zaidi.

Nanga zimepitia safari ndefu. Zamani zilitumika pini za chuma, nyingine zikalegea na kulikwaruza gegedu. Zikaja nanga za chuma zenye skurubu, kisha za plastiki ngumu isiyoyeyuka, kisha zinazoyeyuka mwilini pole pole, na sasa zipo zilizotengenezwa kwa uzi mtupu. Kila aina ina sifa na kasoro. Ya chuma huonekana vizuri kwenye eksirei, lakini ikichomoza hukwaruza. Inayoyeyuka haiachi kitu, lakini pengine huacha tundu kwenye mfupa. Familia isibabaishwe na majina ya vifaa. Muhimu zaidi ni nanga zimewekwa wapi, ni ngapi, na mfupa unaozishika ni mzima kiasi gani.

Faida za njia hii ni kwamba makovu ni madogo, umbile la kiungo halibadilishwi, na madhara makubwa ni machache. Aidha, ikishindikana, mlango wa njia nyingine bado u wazi. Udhaifu wake ni mmoja lakini ni mkubwa: uzi hurudisha utepe, haurudishi mfupa. Ikiwa kisahani kimelika, utepe ulioshonwa utabeba peke yake mzigo uliokuwa wa mfupa, na siku moja utakatika.

Ikiwa kisahani ni kizima na tatizo ni kichwa cha mfupa kilichobonyea, daktari aweza kuongeza kazi moja: kuushona msuli wa nyuma ndani ya bonde lile ili ulijaze, lisinase tena kwenye ncha ya kisahani. Hilo huongeza uthabiti, ingawa mkono huenda usigeuke nje kikamilifu kama ulivyokuwa.

Njia ya pili: mfupa na skurubu

Mbele ya bega, chini kidogo ya mtulinga, kuna kono la mfupa lililopinda. Wanaanatomia wa kale walilifananisha na mdomo wa kunguru, na ukimtazama kunguru wetu wa Mombasa hutawapinga. Katika upasuaji wa Latarjet, daktari hukata kipande cha mdomo huo, chenye urefu wa sentimita mbili hivi, pamoja na kano zilizoshikamana nacho. Hukipitisha kwenye mwanya katika msuli wa mbele wa bega, akakiweka kwenye ncha ya kisahani iliyolika na kukikaza, aghalabu kwa skurubu mbili.

Kwa kufanya hivyo hupatikana kinga tatu. Kisahani kimepanuka, chungwa likapata mahali pa kukaa. Kano zilizohamishwa pamoja na mfupa huwa kama mkanda mbele ya bega, na mkono unapoinuliwa na kugeuka nje, mkanda huo hukaza na kukizuia kichwa cha mfupa kisitoke. Tatu, mfuko wa kiungo hurekebishwa na kushonwa pale pale. Kwa sababu hizo, mabega yaliyotengenezwa hivi hutoka tena kwa uchache kuliko yaliyoshonwa kwa nanga.

Lakini kila chenye faida kina gharama. Kipande hicho hukatwa na kuhamishwa karibu na neva za mkono, na neva zaweza kuvutwa au kuumia. Nyingi hupona, si zote. Mfupa waweza kukataa kuungana au ukayeyuka sehemu. Skurubu zaweza kulegea, kupinda, au kuhitaji kutolewa. Mfupa ukiwekwa nje mno kupita usawa wa kisahani, hukwaruza gegedu na kuleta baridi yabisi ya bega miaka ya mbele. Na zaidi ya yote, umbile limebadilishwa: ikishindikana, upasuaji wa pili ni mgumu. Kwa hiyo hii ni kazi ya mpasuaji aliyeizoea.

Wapo wapasuaji wanaotumia vifungo vidogo vya chuma vilivyounganishwa kwa uzi imara badala ya skurubu, kimoja mbele ya mfupa na kimoja nyuma yake, ili kuepuka matatizo ya skurubu. Ama kisahani kikiwa kimelika sana hata mdomo wa kunguru hautoshi, au kazi ya mwanzo imeshindikana, kipande huchukuliwa kwenye mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe.

Mizani iko wapi?

Mwaka 2000, wapasuaji wawili, Stephen Burkhart wa Texas na Joe De Beer wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya mabega 194 yaliyoshonwa kwa nanga kwa njia ya kamera. Wale ambao mifupa yao haikuwa na upungufu mkubwa, asilimia 4 tu walipatwa tena. Wale ambao mifupa yao ilikuwa na upungufu mkubwa, waliopatwa tena walikuwa asilimia 67. Upasuaji ni wa aina ile ile, lakini mfupa si ule ule.

Mwaka 2007, Frédéric Balg na Pascal Boileau walitoa kipimo cha alama 10 cha kumsaidia daktari kuchagua. Umri wa miaka 20 au chini yake una alama 2, na michezo ya mashindano alama 2. Michezo ya kugongana au ya kurusha mkono juu ya kichwa ina alama 1, na ulaini wa viungo alama 1. Kichwa kilichobonyea kinachoonekana kwenye eksirei kina alama 2, na ncha ya kisahani iliyopotea alama 2. Katika utafiti wao, waliopata alama 6 au chini yake bega lilirudia kwa asilimia 10 walipotumia nanga. Waliozidi 6 lilirudia kwa asilimia 70, na kwa hao walipendekeza njia ya Latarjet.

Tuwapime vijana wawili wa mfano. Wa kwanza ana miaka 28, ni muuza duka, bega limetoka mara mbili, hachezi mashindano, na mifupa yake ni mizima. Alama zake hazifiki hata 3. Huyu nanga zinamtosha, na kumkatia mfupa ni kumtwisha hatari asiyoihitaji. Wa pili ana miaka 18, ni mlinda lango wa timu ya mashindano, bega limetoka mara sita, hata usingizini hutoka, na picha zinaonyesha mviringo uliobonyea na kisahani kilicholika. Alama zake ni 9. Akishonewa nanga peke yake kwa sababu kovu ni dogo, familia itarudi chumba cha upasuaji.

Kiasi cha mfupa uliopotea hupimwa vizuri zaidi kwa skani ya CT, ilhali MRI huonyesha vizuri utepe na misuli. Kwa muda mrefu, wataalamu wengi waliichukua asilimia 20 hadi 25 ya upana wa kisahani kuwa mpaka ambao ukivukwa nanga hazitoshi. Miaka ya karibuni wako walioushusha kwa wanamichezo, hadi karibu asilimia 13.

Hapa ndipo penye jambo zito kwa mzazi. Kila bega linapotoka, mfupa huweza kusagika zaidi. Kijana aliyestahiki nanga alipotoka bega mara ya pili, huenda akahitaji skurubu kufikia mara ya saba. Anayesema tungoje tuone asidhani kwamba bega nalo linamngoja. Subira ni sifa ya Muumini, lakini subira ni kuvumilia huku umeshika sababu. Aliyemwacha ngamia bila kumfunga hajatawakali.

Tusichanganye na mtulinga

Mtu aliyeangukia ncha ya bega kutoka kwenye pikipiki aweza kuwa na jeraha jingine: kiungo cha mwisho wa mtulinga kimeachana na kombe, na juu ya bega pamechomoza nundu. Majeraha mepesi ya aina hii hupona bila upasuaji, kwa kupumzisha mkono na mazoezi. Yaliyo mazito hukazwa. Njia moja ni bamba la chuma lenye ndoano inayoingia chini ya mfupa wa juu wa kombe. Bamba hili hukaza vizuri, ila kwa kawaida hutolewa baada ya miezi kadhaa kwa upasuaji wa pili, kwa sababu ndoano hiyo huukwangua mfupa ulio juu yake. Njia nyingine ni vifungo na uzi, ambavyo aghalabu huachwa mwilini, ingawa navyo vyaweza kulegea au kukata mfupa. Ukiambiwa bamba, uliza mapema litatolewa lini na nani atalipia safari hiyo ya pili.

Nyumbani na katika ibada

Upasuaji ni nusu ya tiba, na nusu iliyobaki iko mikononi mwa watu wa nyumbani. Mkono huning'inizwa kwa mkanda wiki tatu hadi sita, kadiri ya aina ya kazi iliyofanywa. Vidole, kifundo na kiwiko huchezeshwa tangu mwanzo visikakamae. Kisha hufuata mazoezi chini ya mtaalamu wa viungo kwa miezi. Mwenye mfupa uliohamishwa hungoja uungane, jambo linalochukua kama miezi mitatu, na sigara huuchelewesha muungano huo. Michezo ya kugongana kwa kawaida hairuhusiwi kabla ya miezi minne hadi sita. Kijana atajihisi mzima mapema kuliko bega lake. Mama asimwamini bega likiwa halijaruhusiwa.

Nguo iwe pana na yenye kufunguka mbele. Wakati wa kuvaa uanze mkono mgonjwa, na wakati wa kuvua uwe wa mwisho. Mwanamke aliyepasuliwa asikune nazi, asikande unga, asibebe ndoo wala kumnyanyua mtoto kwa mkono huo mpaka aruhusiwe. Anayenyonyesha asaidiwe kumweka mtoto juu ya mto, upande wa mkono mzima. Haya yapangwe kabla ya siku ya upasuaji: nani atapika, nani ataogesha watoto, nani atampeleka mgonjwa kliniki. Mume asione haya kushika mwiko.

Kuhusu sitara, upasuaji wa bega hufunua bega na sehemu ya kifua. Mwanamke ana haki ya kuomba mapema wahudumu wa kike wamwandae na kumfunika, na kwamba sehemu isiyohitajiwa isiachwe wazi. Ombi hilo ni rahisi likitajwa siku ya miadi kuliko likitajwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Kuhusu udhu na swala, dini yetu imejengwa juu ya wepesi. Wanachuoni wameeleza hukumu za kupaka maji juu ya bandeji na za kutayamamu, na katika madh-hab ya Imam Shafi zina masharti yake. Muulize sheikh kabla ya upasuaji, ukimweleza bandeji itakuwa wapi na kwa muda gani. Vile vile muulize daktari ni lini mkono utaruhusiwa kubeba uzito, kwani kusujudu na kuinuka ni kujiegemeza kwenye mabega. Asiyeweza kusujudu kama kawaida huswali kadiri ya uwezo wake, kwa kukaa au kwa ishara, na asiyeweza kuinua mikono miwili huinua mmoja. Haimpunguzii kitu mbele ya Mola anayejua udhuru wake.

Maswali ya kwenda nayo hospitali

Andika maswali haya kwenye karatasi, na usitie saini kabla ya kuyapatia majibu:

1. Mfupa wa kisahani umepotea kiasi gani, na umepimwa kwa picha ipi?
2. Kichwa cha mfupa kimebonyea, na bonde lake linanasa?
3. Kwa umri wa mgonjwa huyu na kazi yake, uwezekano wa bega kutoka tena ni upi kwa nanga, na ni upi kwa kuhamisha mfupa?
4. Daktari atakayepasua ameifanya kazi hii mara ngapi?
5. Vifaa vitabaki mwilini au vitatolewa? Vimetengenezwa kwa nini, na je, vina kitu chochote kitokanacho na mnyama?
6. Bima ya SHA italipia nini, na nanga, skurubu na mazoezi ya viungo vitalipiwa na nani?

Daktari mwema hachukizwi na maswali haya. Akikujibu kwamba mfupa ni mzima, nanga na uzi ni chaguo la hekima. Akikuonyesha kwenye picha kwamba mfupa umelika, usiogope skurubu kwa sababu ya kovu. Na bega likiwa limetoka mara moja tu kwa mtu mzima asiye mwanamichezo, huenda mazoezi mema yakatosha, na hapo ndipo subira ilipo mahali pake.

Na mwanao akianza kutoa takbira kwa mkono mmoja, usinyamaze. Mwulize.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, aithibitishe mikono ya madaktari wetu, na ajaalie viungo vyetu vyote viwe vya kumshukuru Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.